Saa Haina Mama

"Dakika tisa, mama! Tisa!" Fundi alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika. "Meneja kaniambia leo mbele za watu. Mara ya tatu mwezi huu! Uso wangu nikaufiche wapi?"

"Nilifika mapema," mama yake akasema. "Mlinzi alikuwa bado anafungua geti."

"Saa haidanganyi, mama."

Na saa yenyewe aliichora yeye. Kiwanda hicho kilifua mashuka ya hospitali. Mama alipiga pasi, mwanawe alikuwa fundi wa kompyuta. Wapiga pasi wa zamani walipolalamika kwamba namba za mashine ya getini hawazielewi, akaandika kiprogramu kidogo. Unachapa amri ya mstari mmoja kwenye dirisha jeusi la kompyuta, inatoka picha ya saa ya mishale. Tangu hapo, kila aliyechelewa saa yake ilichapwa ikaingia kwenye jalada lake, na watu wazima wakaridhika.

Fundi akavimba kichwa, na haki yake. Alifikiria kila kitu, hadi kitone kidogo chini ya namba sita, alichokiweka kwenye saa za majaribio, zile unazojiandikia muda upendao, zisije zikachanganyika na za kweli. Hata meneja, ambaye kuwasha kompyuta tu mpaka aite watu, alivuta kiti. "Nifundishe na mimi, mwalimu wangu." Akamfundisha jioni nzima. Nani asingefurahi?

Sasa, kuchelewa mara tatu ni kufukuzwa. Mama alibakiza miezi miwili astaafu, na anayestaafu salama huachiwa nyumba ya kampuni mpaka kufa kwake. Anayefukuzwa hutoka na ndoo zake. Miaka thelathini ya kuinamia pasi, halafu nyumba ipotee kwa usingizi! Fundi alikasirika hata chakula hakikupita.

Kwenye kikao, meneja alifungua jalada, uso umejaa huruma. "Inaniuma sana. Tusimwonee mama yetu. Fundi, programu ni yako. Yawezekana imekosea?"

Mama akamgeukia mwanawe.

Zile karatasi tatu fundi hakuziangalia. Aangalie nini, na kazi ni ya mkono wake?

"Haiwezekani," akasema. "Saa haina mama wala shangazi."

Kikao kizima kikamsifu kwa uadilifu. Mama akavuta kalamu, akatia sahihi polepole.

"Kama mwanangu kasema, basi uzee umenifika," akasema. "Mimi nilidhani nilifika mapema."

Akapewa barua yake na nakala za zile saa, akaondoka peke yake kwa miguu.

Jumamosi walifunga mizigo. Fundi alibeba kitanda, akabeba ndoo, bado kanuna. Mama, ambaye hakujua kuweka kinyongo, alikaa juu ya sanduku akikunjua karatasi zake.

"Njoo uone, baba. Leo ndiyo nimezitazama vizuri. Hata kama zimenitoa, mkono unao, mwanangu. Na haka kadude chini ya sita, kama kipini cha puani! Zote tatu umeniwekea."