Nati ya Gurudumu Kubwa

Kiwanda cha sukari kilipokuwa hai, watu wa mji ule walikunywa chai bila sukari. Harufu yake iliyoingia dirishani ilitosha. Sasa wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wakipambana na nati moja ya gurudumu kubwa. Ikiwashinda, wangeiacha mashine. Mzee Ngwatu, aliyeifunga ujanani, aliomba iwashinde.

“Babu, aliyefunga hii alikuwa fundi kweli, au muuza mihogo?” mmoja akamuuliza, wenzake wakacheka.

Uzalendo ukamshinda. “Mnazidi kuikaza, mabwana. Hiyo inafunguliwa kinyume.”

Akashika spana, akavuta mara moja. Nati ikaachia.

Alitaka kuirudisha, lakini spana walikwisha kumpokonya. Gurudumu likajizungusha kwa mlio wake wa zamani, na kule barabarani wapita njia wakainua macho kutazama kama dohani ya kiwanda inatoa moshi.