Siku ya Tano Hifadhini

Anjelina alikataa kupanda gari. Alikaa juu ya mawe, akakumbatia magoti, akamwambia askari wa wanyamapori aende zake kama amechoka.

"Si kuchoka, Mama Huruma," alisema Cuthbert. "Huko mbele ni korongo tupu. Hata tembo hawapiti."

"Basi mume wangu yuko huko huko. Namjua, anapenda pasipopitika."

Ilikuwa siku ya tano Anderson hajulikani alipo. Alitoka Lulindi kwenda kukagua mizinga yake ya nyuki pembezoni mwa hifadhi, upande wa Mto Ruvuma, na hakurudi. Majirani wakaanza kujaa uani, wakikaa kwenye mikeka na nyuso za msiba. Anjelina hakuweza kuwavumilia. Alikwenda mwenyewe getini kwa askari, akawasumbua mpaka wakamwingiza.

Miaka yote hifadhi hiyo aliisikia kwa mumewe tu. Sasa ameiona, na ameichukia. Miiba imemchania kanga, mawe yamemtobolea kandambili, na kila kichaka kilichotikisika alikiitia, "Baba Huruma!" Hakuna aliyeitika.

"Mguu wake wa kushoto ni mbovu," alimkumbusha Cuthbert kwa mara ya kumi. "Hawezi kwenda mbali. Tena anakohoa. Mkisikia kikohozi, simameni."

Redio ya Cuthbert ikakoroma. Akasogea nyuma ya gari kuongea. Aliporudi alikuwa mtu mwingine: alimfungulia maji ya chupa, akamwokotea kandambili, akamfutia kiti vumbi.

"Nimeambiwa nikurudishe nyumbani, mama."

"Amepatikana?"

"Twende tu. Nyumbani wanakusubiri."

"Nakuuliza, Cuthbert! Amepatikana?"

"Amepatikana," alijibu, akawasha gari.

Anjelina alifungua mdomo kuuliza zaidi, akaufunga. Aliogopa. Njia nzima alisali, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu: hai, hai, hai. Cuthbert aliendesha kama mtu anayebeba mayai, macho barabarani. Kwenye kila shimo Anjelina alishika dashibodi na kuomba upya.

Gari liliposimama nje kwake, alisikia vicheko.

Hakuamini masikio yake. Wale wale waliokuwa wamenuna kwenye mikeka walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama mmoja alikuwa anajifuta machozi kwa upande wa kanga. Anjelina akashuka kabla Cuthbert hajazima gari.

"Mama, subiri kwanza," Cuthbert alimwita. "Mama Huruma!"

Hakusubiri. Katikati ya ua, akiwa amempa mgongo, alisimama mtu mwenye kofia ya Anderson na shati la Anderson la kanisani, akiburuta mguu wa kushoto. Alikohoa kikohozi kile kile, akainua kikombe, akaonja, akatema.

"Chai gani hii?" alifoka. "Sukari mmeficha wapi, nyie wanawake?"

Ndiyo maneno ya Anderson kila asubuhi ya Mungu. Kwa miaka kumi na tisa yalikuwa yakimkera Anjelina, na leo aliyasikia kama wimbo. Alikimbia, akapindua sufuria, akamkumbatia kwa nyuma kwa nguvu zake zote.

"Umerudi!" alilia. "Baba Huruma, umerudi!"

Wanawake wakainuka mikekani.

Aliyegeuka alikuwa Tahiri, mtani wa ukoo wa Anderson, ambaye kwa desturi ndiye humwigiza marehemu msibani ili wafiwa wacheke. Akavua kofia ya Anderson.

"Shemeji," alisema, "hawajakuambia?"