Hidrojeni Iliyotazama Nje

Kwa wiki tatu kompyuta ilimpa Siwema jibu lile lile: ndani ya molekuli aliyokuwa akiichunguza, hidrojeni haikushikana na oksijeni. Ripoti ilitakiwa jioni hiyo. Chumbani alikuwamo Makame peke yake, mtafiti mwenzake, na tangu wagombanie jina la nani litangulie kwenye makala yao, walikaa wamepeana migongo.

Mwishowe Siwema aliuliza, macho kwenye skrini, "Makame, wewe ungeiamini hesabu hii?"

Mgongo wa Makame ukajibu, "Ulipoichora molekuli, hidrojeni ilitazama wapi?"

"Nje."

"Basi itabaki huko huko. Kompyuta hutafuta nishati ndogo: huteremkia bonde la karibu, ikaridhika. Haipandi kilima kwenda kuangalia upande wa pili. Lazima uigeuze mwenyewe."

Siwema aliizungusha hidrojeni kwa kipanya mpaka ikaielekea oksijeni, akaanzisha hesabu upya. Saa mbili baadaye nishati ilikuwa imeshuka kuliko mara zote, na kati ya atomi zile mbili ulionekana mstari mwembamba wa nukta.

"Zimeshikana," alisema.

Mgongo wa Makame haukugeuka. Siwema akakanyaga sakafu, akaanza kukizungusha kiti chake kumwelekea Makame, taratibu, huku kikilia.