Kidani cha Asmini

Nafundisha watoto wenye mahitaji maalumu Jumanne na Alhamisi tu. Shuleni kwetu mtoto asiyeweza kusema huvishwa kidani kinachomsemea, na akifariki, kidani hupewa mwingine pamoja na sauti yake. Ndiyo sheria.

Bi Zuhena, mpishi wetu wa uji, alimzika binti yake Asmini wiki tatu zilizopita. Leo mwalimu mkuu alinipa kidani cha Asmini nimvishe Kibibi, mwanafunzi mgeni. Bado kilikuwa na mafuta ya nazi ya shingo ya marehemu. Nilikifuta.

"Tungoje basi arobaini ipite," nilimwomba mwalimu mkuu.

"Mwalimu, wewe ni wa siku mbili. Sheria ni ya siku zote."

Nikamvisha. Saa nne Bi Zuhena akaingia na ndoo ya uji, akammiminia Kibibi kikombe. Kibibi akabonyeza kidani.

"Mama, niongezee sukari," ikasema sauti ya Asmini.

Bi Zuhena hakulia. Alitia sukari, akapiga magoti mbele ya mtoto wa watu.

"Sema tena, mwanangu."

Kibibi akanywa hadi akashiba, akasukuma kikombe. Bi Zuhena akanyoosha kidole, akakibonyeza kidani mwenyewe.