Mikanda ya Theluji ya Raili

Spana iliteleza tena, vidole vya Raili vikagonga chuma, naye akamtukana mtu aliyebuni mikanda ile pamoja na ukoo wake wote.

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la rangi, sauti imefunguliwa hadi mwisho. “Umemaliza?” aliuliza mumewe, Tauno.

“Nimemaliza.”

“Mshale ulioko ubavuni unaangalia wapi?”

Raili akainama kutazama. Kigari chao cha porini, walichozoea kubebea kuni na nyavu, kilikuwa juu ya jeki katikati ya banda. Magurudumu yalikuwa yamelala pembeni. Mahali pake palikaa mikanda minne ya mpira, mipana, yenye meno kama ya katapila, ya kutembelea juu ya theluji. Kila Novemba Tauno ndiye aliyeifunga. Novemba hii Tauno alikuwa ng’ambo ya ziwa, kwenye kibanda chao cha uvuvi, alikokwenda kwa pikipiki yake ya theluji, na mguu wake ulikuwa umevunjika.

Alikuwa amepiga simu asubuhi. Ameteleza kwenye ngazi, alisema, mguu haukanyagi, na kuni zilizo ndani zitafika jioni tu; za nje hawezi kuzifuata. Waokoaji wameshaarifiwa, lakini helikopta haiwezi kuruka mpaka theluji iache kuanguka. Raili hakungoja kusikia itaacha lini.

“Nakuja na kigari,” alimwambia.

“Utapita wapi? Njia ya msituni imelaliwa na miti.”

“Ziwani.”

“Barafu bado changa, Raili. Haitabeba kigari.”

“Mimi nimezaliwa hapa. Usinifundishe ziwa.”

Tauno akasema, kwa ile sauti yake ya fundi, “Basi bila mikanda hufiki popote. Vuta jeki.” Tangu hapo ziwa hakulitaja tena. Ilikuwa mikanda tu.

“Mshale unaangalia mbele,” Raili alisema sasa.

“Ya nyuma je?”

“Mbele vilevile.”

“Ahaa. Basi umepishanisha kushoto na kulia. Itoe.”

“Yote?”

“Yote, bibie.”

Kila mkanda ulikuwa mzito kama kondoo, na mkaidi kumshinda. Raili aliivuta kwa mikono, akaisukuma kwa nyonga, akapiga magoti sakafuni akitafuta matundu ya bolti kwa kupapasa. Tangu waoane, mtu huyu amekuwa akimsahihisha anavyokata vitunguu, anavyorudisha gari nyuma na anavyopanga kuni. Leo kalala kibandani na mguu uliovunjika, bado anasahihisha. Ni mtu gani anayekaribia kuganda na bado ana nafasi ya mambo haya?

“Tayari,” alisema hatimaye, akihema.

“Nati umezikaza kwa kuzunguka au kwa kukatiza?”

Raili alifumba macho. “Kwa kuzunguka.”

“Zilegeze zote. Unakaza ya juu, halafu ya chini, halafu za kando. La sivyo mkanda utachomoka njiani.”

“Kitabu cha maelekezo hakisemi hivyo.”

“Hicho kitabu ni cha kigari cha zamani.”

Kwenye jalada palikuwa na picha ya kigari kilekile, mpaka rangi. Raili aliiona. Lakini hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu ambaye meno yake yalisikika yakigongana kwenye simu.

“Tia kuni, Tauno.”

“Natia kidogo kidogo. Wewe legeza nati.”

Akazilegeza. Akazikaza upya. Dirishani mwanga ulikuwa umeanza kwenda zake, maana mchana wa Novemba huku hauna subira. Alilia kwa hasira, kisha akalia kwa woga, na muda wote huo mikono haikuacha kazi. Alijua kibanda kile kinavyoganda moto ukizimika.

“Sasa nakuja,” alisema.

“Kile kishikio cha chuma, kinachozuia mkanda usipinduke. Umeacha nafasi ya kidole?”

“Sijui. Na sitaki kujua.”

“Chungulia kidogo tu.”

“Tauno, nimechoka na wewe. Nakuja hivihivi. Mkanda ukichomoka, nitatembea.”

Alishusha jeki, akafungua milango ya banda, akaitia simu mfukoni, akapanda na kuwasha injini. Mikanda ilijongea, ikayauma mawe ya kizingiti vizuri kabisa.

“Raili.” Sauti ilikuwa ndogo. “Nakuomba. Kishikio cha mbele, kulia. Hicho tu.”

Tauno alikuwa mtu wa kuelekeza. Kuomba, Raili hakuwahi kumsikia akiomba. Alizima injini, akashuka huku akiwalaani mafundi wote wa dunia, akarudi na spana na kulala ubavu juu ya sakafu ya baridi.

Alikuwa bado analegeza, ngurumo ya helikopta ikajaa kwenye simu. Mlango ukabamizwa. Sauti za wanaume. Raili alitazama nje. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka, naye hata hakutambua.

“Wamefika,” Tauno alisema. “Wananifunika blanketi.”

“Nimelegeza kishikio,” alisema Raili. “Niache nafasi kiasi gani?”

“Kiache. Mikanda ilikuwa sawa tangu ulipoifunga mara ya kwanza.”

Spana ilimdondoka.

“Na sikuteleza kwenye ngazi,” alisema Tauno. “Barafu ilivunjika. Pikipiki yangu ya theluji iko chini ya ziwa.”