La Ndoo, la Udongo

Binti alikaza fundo la pili la kitambaa nyuma ya kichwa cha baba yake, akamuuliza kama anaona chochote. Mkulima akasema anaona giza tu, na giza halijawahi kumzuia mtu kujua utamu. Mkewe akacheka. Binti hakucheka.

Masharti waliyapanga wenyewe, watu wazima na akili zao. Mzee angeonja vipande viwili: kimoja cha tikiti la shambani kwake, kingine cha tikiti la binti, lililokulia bandani ndani ya ndoo ya makumbi ya nazi, bila chembe ya udongo, likinyweshwa kwa mpira maji yaliyotiwa mbolea. Tikiti lake likiwa tamu zaidi, shamba linabaki. Likishindwa, anatia dole gumba kwenye hati ya kuliuza, wafyatua matofali wanachimba udongo wao, na binti anajenga banda la pili kwa fedha hizo. Mzee alikubali upesi. Kwa miaka arobaini ya kulima matikiti, ulimi ungemdanganyaje?

Ingawa, tuseme kweli, ulimi huo ulikuwa umeanza kusemwa. Tangu aanze vidonge vya presha, bintiye alikuwa akimweleza kwa upole kwamba dawa zile huua ladha. Akilalamika kuwa mboga imezidi chumvi, binti anamtazama mama yake, kisha anasema, "Dawa hizo, baba." Mtu akiambiwa hivyo mwaka mzima, hata awe mbishi namna gani, huanza kujitilia shaka.

Na si kwamba binti hakuwa na hoja. Banda lake lilitumia maji kidogo kuliko shamba, halikuota magugu, na matikiti yalining'inia kwenye nyavu yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Siku ya kwanza mzee alipoingia mle, aliinama kutafuta tumbo la njano, lile doa ambalo tikiti hupata pale lilipolalia ardhi. Ndilo alilomfundisha binti kulitazama kabla ya kuchuma, tangu akiwa hajamfika kiunoni. Hakuliona.

"Yangu hayalali chini, baba. Yatalipata wapi?"

Akamshauri basi ayanyime maji wiki ya mwisho, sukari ipate kukolea. Binti akasema pampu imepangiwa saa zake na haisikilizi wazee. Siku hiyo walicheka wote wawili.

Sasa sahani ilitua mezani. Binti alikuwa amevikata vipande jikoni peke yake. Hata mama yake alizuiwa asiingie, isije ikasemwa kuna hila. Mzee alivipapasa kwa vidole. Vilikuwa vimemenywa ganda, vimelingana sawasawa, kama vya kulishwa mgonjwa.

Cha kwanza kilimjaza maji mdomoni, kikapita bila kuaga. Cha pili alikitafuna polepole. Utamu ulimshika mpaka kwenye taya, naye akatabasamu chini ya kitambaa.

"La pili ndilo tamu," alisema. "Na ndilo langu. La kwanza limelelewa kwenye ndoo."

Binti akamfungua kitambaa taratibu, akamwekea mkono begani. Machozi yalikuwa yakimlengalenga binti.

"Umeyachanganya, baba. La pili ni la bandani."

Mzee akatazama vipande vilivyobaki sahanini: upande huu vilivyofifia, upande ule vyekundu vya kukolea. Moyo ulimuuma, na si kwa ajili ya shamba tu. Mtu anaweza kupoteza shamba akabaki mkulima, lakini asiyeutambua udongo wake mwenyewe mdomoni ni nani tena? Hakubisha. Alimwomba binti radhi kwa kejeli zote alizozitupia ndoo zake, na mchana huohuo akatia dole gumba.

Jioni mboga ilimfikia bila chumvi hata chembe. Akaila yote, wala hakuomba chumvi.

Wafyatua matofali hawakupoteza muda. Asubuhi mzee alikuwa nyuma ya jiko, akiokota maganda ya jana awapelekee mbuzi, na lori la kwanza la udongo wake likapita nje ya ua. Binti akapaza sauti kutoka bandani kumuuliza kama amekunywa dawa. Akajibu kwamba amekunywa.

Ganda la juu, lenye mabaki ya nyama iliyofifia, lilikuwa kijani kitupu pande zote. La chini yake bado lilikuwa na nyama nyekundu ya kukolea. Aliligeuza alipanguse, na tumboni akakuta doa la njano, pana kama kiganja chake, na chembe za mchanga zikiwa bado zimeng'ang'ania.