Onyo la Chupani

Mama Atupele aliitua chupa tupu ya bia nyeusi juu ya meza ya bwana afya wa wilaya.

"Mama, unaniletea chupa ya pombe ofisini?"

"Ndiyo niliyokuwa napewa na mama mkwe nikiwa na mimba, kila jioni moja, eti inaongeza damu. Na kliniki hakuna aliyenikataza. Huyu Atupele niliyekuja naye ana miaka tisa, vifungo bado namfunga mimi, na njia ya shule inampotea kila siku. Wekeni sheria, kila chupa iandikwe onyo."

"Onyo lipo." Bwana afya aliigeuza chupa, akasoma: "Haiuzwi kwa walio chini ya miaka kumi na minane."

"Na Atupele alikuwa na miaka mingapi tumboni mwangu?"

Bwana afya akakohoa. "Sheria zinatoka juu, mama."

"Juu wapi, mbinguni? Leo hii kuna mwingine anamiminiwa!"

Akafungua pindo la khanga, akatoa donge la ugali na karatasi ya daftari aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MJAMZITO USINYWE, UTAMUUMIZA MTOTO. Akaipaka ugali, akaibandika chupani, akaikandamiza kwa kiganja kama anayemziba mtu mdomo. Kisha akamshika Atupele mkono, wakatoka.

Bwana afya alimwita karani wake aiondoe chupa ile. Karani akaja taratibu, tumbo la miezi minane limemtangulia, akaichukua. Hakuondoka nayo. Alisimama palepale, akisoma.